Kitekli, Dang'a na Watu Waliokesha Zizini

Mtu yeyote aliyefanya KCPE kabla haijazikwa mwaka wa 2023 anajua kwamba mtoto wa farasi anaitwa kitekli. Tulikariri kama wimbo: simba ana shibli, ndovu ana kidanga, punda ana kiongwe, farasi ana kitekli. Swali lilikuja na alama moja, ukaipata, ukasahau. Nenda leo pale Kanduyi, mahali barabara ya Webuye kwenda Malaba inakutana na ile ya kuingia Bungoma mjini, uulize watu mia moja wanaosubiri matatu. Wengi watakuambia kitekli ni nini. Waliowahi kumwona akizaliwa? Pengine hakuna hata mmoja.

Hilo si ajabu. Huku kwetu mnyama wa maana ni ng'ombe. Lubukusu kina neno lake la ng'ombe, ekhafu, na neno lake la maziwa, kamabele, na ukikaa jioni na kukhu utaona jinsi maneno hayo mawili yanabeba mahari, matanga, tohara na karo ya shule. Farasi hana historia hiyo. Jina lenyewe tumelipata kutoka kwa Waarabu, kupitia Pwani.

Lakini ukipanda gari hapo Kanduyi, ukapita Webuye, Misikhu, Kamukuywa na Kiminini, utafika Kitale. Na Kitale kulikuwa na farasi. Kwa karibu miaka hamsini, kwenye mashamba ya walowezi wa Trans Nzoia, farasi walizaliwa usiku, na lazima kuwe na mtu aliyekuwa macho. Huyo mtu hakuwa mwenye shamba, angalau si kila usiku. Insha hii inamhusu yeye, pamoja na saa sita za kwanza za maisha ya kitekli. Ukizielewa hizo saa sita, utaelewa kitu kikubwa kuhusu nani alijenga ile nchi na nani alilipwa.

Tuanze na farasi wenyewe.

Pwani walikuwepo zamani, wachache, mali ya wakubwa. Mwaka wa 1840 Sayyid Said wa Zanzibar alituma meli yake Al-Sultanah mpaka New York, na kati ya zawadi alizompelekea rais wa Marekani kulikuwa na farasi wawili wa Kiarabu. Yaani farasi aliweza kutoka Zanzibar akafika Marekani, lakini karne hiyohiyo ilikuwa shida kubwa kumtoa Mombasa umfikishe Mlima Elgon akiwa hai. Misafara ya Waswahili na Waarabu iliyofika mpaka Mumias ilitegemea mabega ya wapagazi, na mara nyingine punda. Farasi alikufa njiani. Mbung'o walimmaliza kwa nagana, na pale ambapo hapakuwa na mbung'o kulikuwa na kitu kibaya zaidi.

Wazungu wa Afrika Kusini walikiita ugonjwa wa farasi, basi, kana kwamba hakuna mwingine. Asubuhi farasi anakula vizuri. Kesho yake sehemu ya juu ya macho imevimba, anapumua kwa shida, povu jeupe linamtoka puani, halafu anaanguka. Kwa farasi ambaye mwili wake haujawahi kukutana na ugonjwa huu, uwezekano wa kufa ni mkubwa kuliko wa kupona. Pundamilia huubeba bila hata kukohoa, na ndiyo maana hapa Afrika hauishi. Kwa muda mrefu watu waliamini unaletwa na umande au na ukungu wa mabondeni. Ni mwaka wa 1944 ndipo R. M. du Toit, akifanya utafiti Afrika Kusini, alionyesha kwamba unaenezwa na usubi, wale wadudu wadogo wanaouma jioni na alfajiri karibu na maji.

Kabla ya hapo, kinga ilikuwa kazi ya mikono. Farasi waingizwe zizini kabla jua halijazama. Washa moshi. Wasitolewe mpaka umande ukauke. Farasi aliyeugua akapona aliitwa "aliyetiwa chumvi", na bei yake ilipanda, kwa sababu mwili wake ulikuwa umejifunza. Kumbuka neno hilo, tutalirudia.

Mwaka wa 1908 kundi la Makaburu chini ya Jansen van Rensburg lilipanda meli iliyoitwa Windhuk, likashuka Mombasa, likapanda treni mpaka Nakuru, kisha likapanda milima kwa magari ya kukokotwa na maksai mpaka Uasin Gishu. Walikuja na farasi wao. Miaka michache baadaye walowezi wakavuka mto Nzoia, na ndiyo sababu ng'ambo ile ikaitwa Trans Nzoia. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia serikali ya kikoloni ikaanzisha mpango wa kuwapa askari wake wazungu mashamba, mwaka wa 1919, na wengine wakaletwa huku. Reli ilifika Kitale mwaka wa 1926. Kabla ya lami na kabla ya matrekta mengi, farasi ndiye aliyekuwa pikipiki: kukagua mahindi, kutembelea jirani, kwenda kilabu, kukimbiza watu waliovuka mpaka na mifugo.

Hapo ndipo babu zetu wanaingia.

Ukiwa kwenye gari la Kanduyi kwenda Webuye, upande mmoja utaona vilima vya Chetambe. Mwaka wa 1895 Wabukusu walijifungia kwenye ngome zao huko Lumboka na Chetambe, wakapigana na jeshi lililoongozwa na C. W. Hobley, likiwa na askari Wanubi na bunduki za rasharasha. Walishindwa. Watu wengi walikufa na ng'ombe wakachukuliwa kama nyara. Miaka thelathini haijaisha, watoto wa kizazi hichohicho wakaanza kwenda ng'ambo ya pili kuomba mahali pa kulisha ng'ombe waliobaki, kwenye ardhi ambayo sasa ilikuwa na cheti cha mtu mwingine.

Mpango ulikuwa rahisi kwenye karatasi. Unaishi kwenye shamba la mlowezi na familia yako, unapewa kipande cha kulima na nafasi ya kuchunga, na wewe unamfanyia kazi. Sheria ya 1918 iliweka siku 180 kwa mwaka. Watu waliitwa maskwota. Wabukusu wengi walikubali, na hawakuwa wajinga. Kule kulikuwa na nyasi. Mtu mwenye ng'ombe anafuata nyasi.

Sasa fikiria mlowezi wa mwaka 1925 anayetafuta mtu wa kutunza farasi wake. Kwa Kiingereza chao walimwita kwa neno ambalo na sisi tunalo kwenye kamusi, saisi, lililotoka Uarabuni, likapita India na majeshi ya Waingereza, likatua Afrika Mashariki. Angemchagua nani? Vijana waliokuwa wanajitokeza langoni mwake walikuwa wamekua na ndama. Walijua mnyama akikaribia kuzaa anajitenga. Walijua kiwele kinavyojaa na sehemu ya nyuma inavyolegea. Walijua sauti. Hawakuwa wamesoma popote, lakini nusu ya kazi walikuwa nayo tayari mikononi.

Nusu ya pili ilibidi waipate zizini, kwa sababu farasi si ng'ombe.

Farasi jike hubeba mimba karibu miezi kumi na moja. Siku moja au mbili kabla ya kuzaa, mara nyingi unaona matone kama nta kwenye ncha za chuchu. Kiwele chake kina chuchu mbili tu, si nne, na zimejificha juu kati ya mapaja. Huzaa usiku, wengi wao, na anaweza hata kuchelewesha mambo mpaka zizi litulie. Uzazi ukianza unaenda kasi, dakika ishirini au thelathini mtoto yuko chini. Ng'ombe anaweza kukupa muda wa kukimbia kumwita jirani. Farasi hakupi. Kama hukukesha, hukuwepo.

Watu wa farasi wana hesabu fupi wanayoitumia mpaka leo: saa moja, saa mbili, saa tatu. Ndani ya saa moja kitekli awe amesimama. Ndani ya saa mbili awe amenyonya. Ndani ya saa tatu mama awe ametoa kondo la nyuma. Hesabu ikivurugika, kuna shida.

Ile ya kati ndiyo inaua kimyakimya. Binadamu akiwa tumboni hupokea kingamwili nyingi za mama kupitia kondo. Kitekli hapati. Kondo la farasi, kama la ng'ombe na la punda, lina tabaka nyingi mno kati ya damu ya mama na ya mtoto, na kingamwili haziwezi kupenya. Kwa hivyo kitekli anazaliwa na macho, meno karibu kutokeza, miguu mirefu kama ya mtu mzima, lakini kinga hana. Kila kitu ambacho mwili wa mama umejifunza kuhusu magonjwa ya pale kinamsubiri kwenye maziwa ya kwanza, yale mazito ya rangi ya manjano. Kiswahili kinayaita dang'a.

Na dang'a ina saa. Utumbo wa kitekli mchanga uko wazi kwa muda mfupi, unaruhusu kingamwili zipite nzima mpaka kwenye damu. Mlango huo unapokea vizuri zaidi katika saa sita za kwanza, unaanza kufunga, na baada ya saa ishirini na nne umefungwa kabisa. Akipata lita moja au moja na nusu ya dang'a nzuri mapema, yuko sawa. Akiipata kesho jioni, ni chakula tu. Tumbo limeshiba, damu iko tupu. Anaweza kurukaruka siku mbili, tatu, ukadhani umeshinda, halafu viungo vinavimba, anaharisha, anakufa.

Sasa rudi kwa yule farasi "aliyetiwa chumvi". Kingamwili alizozipata kwa kuugua ugonjwa wa farasi akapona huingia kwenye dang'a yake. Kitekli wake akiinyonya kwa wakati, anakuwa na ulinzi wa miezi kadhaa dhidi ya ugonjwa uleule ulioua farasi wengi wa wageni. Ndiyo maana pia hata leo wafugaji hushauriwa kumleta mama mahali atakapozalia kama mwezi mmoja kabla, ili mwili wake ukutane na vijidudu vya hapo na kuviandikia majibu. Hivyo kwenye shamba la Kitale mwaka wa 1930, thamani ya farasi jike mzoefu haikuwa mbio zake tu. Ilikuwa kwenye zile lita za kwanza. Na hizo lita zilipita kwenye mikono ya saisi.

Mikono hiyo ilifanya nini hasa?

Kwanza, haikufanya kitu. Hii ndiyo sehemu ngumu. Mtoto akishatoka na anapumua, unarudi nyuma. Mama anamlamba, wanajuana harufu. Kitekli anajaribu kusimama, anaanguka, anajaribu tena, na kila anguko linampa miguu. Ukimwinua mapema unamnyima hayo mazoezi, na mama mwoga anaweza kukuona adui.

Akishasimama anaanza kutafuta. Hajui chuchu ziko wapi. Anachojua ni kufuata kivuli na kona, mahali pa giza na joto, kwa hivyo atanyonya ukuta, atanyonya goti la mama, atanyonya shati lako. Mwache. Wengi hufika wenyewe.

Kama saa mbili zinakaribia na bado, ndipo unaingia, watu wawili wakiwezekana. Mmoja anashika kichwa cha mama na kumwongelesha taratibu. Farasi anayezaa mara ya kwanza, kiwele kinamuuma na kinamtekenya, anaweza kupiga teke bila nia mbaya. Mwingine anapangusa kiwele kwa maji ya uvuguvugu, anakamua matone machache ili chuchu ifunguke na ili harufu itoke. Anapaka dang'a kwenye vidole vyake, anamwacha kitekli avinyonye, kisha anasogeza vidole polepole mpaka mdomo ukutane na chuchu, na kuvitoa.

Usimsukume kutoka nyuma. Kila anayejifunza hii kazi hujaribu, na kila mara kitekli husukuma kurudi, kwa sababu ndivyo alivyoumbwa, ukimkandamiza anakandamiza nyuma. Unaweka mkono mmoja mbele ya kifua, mwingine kwenye makalio, kama ua, na kumwacha aamini kwamba anaenda mwenyewe. Inaweza kuchukua dakika tano au saa nzima. Ukikasirika umeharibu.

Ikishindikana kabisa, unamkamua mama na kumpa kwa chupa, kichwa cha kitekli kikiwa katika kimo cha kunyonya. Usimmiminie maziwa kooni kwa nguvu, yataingia mapafuni. Siku hizi daktari wa mifugo ana mpira mwembamba wa kupitisha puani mpaka tumboni. Zamani kulikuwa na subira, taa ya mafuta na mtu ambaye kesho yake saa kumi na mbili asubuhi bado alitakiwa kazini.

Nimeandika haya yote kwa urefu kwa makusudi. Vitabu vya historia vinapotaja "kibarua", neno linateleza haraka sana, kana kwamba kibarua ni mtu wa kubeba vitu tu. Hii hapa juu ni kazi ya akili. Ina kanuni, ina muda, ina maamuzi. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili na mpaka leo watu wa ukoo huniuliza "sasa wewe unajua nini?", kwa hivyo labda nina masikio mepesi kwa jambo hili. Lakini tuseme ukweli: nchi hii imezoea kupima ujuzi kwa karatasi, na saisi hakuwa na karatasi yoyote isipokuwa kipande kilichoning'inia shingoni, na hicho kilikuwa cha kumzuia asitoroke.

Hebu tazama sayansi yenyewe ilikuwa wapi. Mjerumani Paul Ehrlich alionyesha mwaka wa 1892, kwa kutumia panya, kwamba maziwa ya mama yanaweza kupitisha kinga kwa mtoto. Mwaka wa 1922, Theobald Smith na Ralph Little, katika taasisi ya Rockefeller huko Princeton, walichukua ndama wachanga, wengine wakawapa dang'a, wengine wakawanyima. Waliopewa waliishi. Walionyimwa wengi walikufa ndani ya siku chache. Huyo Theobald Smith ndiye pia aliyeonyesha Marekani, yeye na wenzake mwaka wa 1893, kwamba kupe hueneza homa ya ng'ombe, ugunduzi ambao baadaye ulileta majosho mpaka Bungoma. Ni kazi kubwa na sitaki kuipunguza. Lakini 1922 si zamani. Reli ilikuwa bado haijafika Kitale, lakini wachungaji wa ng'ombe walikuwa wameishi na swali hilohilo kila ndama alipozaliwa.

Nisije nikasema mababu walijua kila kitu. Hapana. Katika jamii nyingi za Kenya na duniani, dang'a ya binadamu ilionekana uchafu kwa sababu ya rangi yake, ikamwagwa, na mtoto akapewa maji ya sukari au uji kwanza. Wakunga na manesi wamepigana na jambo hilo kwa miongo. Mtu anaweza kumwachia ndama maziwa yale ya manjano bila wasiwasi na kumkataza binti yake kumpa mtoto. Ujuzi wa watu una mashimo, sawa na wa maabara. Ndiyo sababu unastahili kuandikwa na kupimwa, badala ya kusifiwa tu au kudharauliwa.

Turudi Trans Nzoia, maana hapa ndipo hesabu inakuwa chungu.

Wakati saisi anakesha na farasi wa bwana, ng'ombe wake mwenyewe walikuwa wanahesabiwa. Walowezi walikuwa na hofu mbili. Ya kwanza walisema hadharani: ng'ombe wa maskwota wataleta magonjwa kwa ng'ombe wa kizungu waliotoka ng'ambo. Ya pili waliisema kwa sauti ya chini: mtu mwenye ng'ombe wa kutosha hahitaji mshahara wako. Mwaka wa 1925 ulianzishwa ushirika wa maziwa, KCC, huko Naivasha, na maziwa yakawa biashara kubwa ya walowezi. Mwishoni mwa miaka hiyo, kule Naivasha na Nakuru, mifugo ya maskwota ilifagiliwa kwa nguvu, na watu wakaipa operesheni hiyo jina la Kiswahili lisilohitaji maelezo: kifagio.

Kisha ikaja sheria ya 1937, iliyoanza kutumika 1940. Halmashauri za walowezi zilipewa nguvu ya kuamua skwota afanye kazi siku ngapi, zikapandisha mpaka 240 na hata 270 sehemu nyingine, na kuamua awe na mifugo mingapi. Kwa mwaka wenye siku 365, piga hesabu mwenyewe ni siku ngapi zinabaki za kumwangalia ndama wako.

Hivyo tuna mtu anayejua, kuliko karibu kila mtu wilayani, kwamba saa sita za kwanza za mnyama zinaamua maisha yake. Usiku anazitumia kwa kitekli wa mwingine. Na kama ng'ombe wake kule kwenye kibanda naye anazaa usiku huohuo, basi mkewe au mtoto wa miaka kumi ndiye atakayemsimamia, na yule ndama akipona, huenda akawa wa kuzidi idadi inayoruhusiwa.

Unashangaa kwa nini miaka ya 1940 ilichafuka huku? Elijah Masinde, mchezaji mpira wa Maeni, Kimilili, aligeuka nabii wa Dini ya Msambwa na kuwaambia watu kwamba wazungu waondoke na ardhi irudi. Alifungwa, akapelekwa Mathari kama kichaa, akaachiliwa 1947. Februari 1948 polisi walifyatulia risasi wafuasi wa dini hiyo Malakisi na watu kumi na mmoja wakafa. Masinde akahamishiwa Lamu. Tunapenda kumkumbuka kwa laana zake na vituko. Tunasahau kwamba kati ya waliomsikiliza walikuwemo maskwota wa ng'ambo ya pili, watu ambao hasira yao haikuhitaji nabii, ilihitaji tu siku ya kuhesabu ng'ombe.

Majina yao hayapo. Ulimwengu wa farasi ni ulimwengu wa kumbukumbu kali ajabu: kuna madaftari ya nasaba yanayokuambia mama wa bibi wa farasi fulani alikuwa nani. Beryl Markham, mzungu aliyelelewa Njoro na kupata leseni ya kufunza farasi wa mbio akiwa kijana wa miaka kumi na nane, ana kitabu maarufu cha mwaka 1942 ambamo kuna usiku wa kuzaliwa kitekli. Kitekli amepewa jina, Pegasus. Mama yake ana jina, Coquette. Wafanyakazi Waafrika nao wametajwa, na hilo ni zaidi ya wengi walivyofanya, lakini wengi wao kwa jina moja tu. Hapo ndipo ilipofika heshima. Kwingine ni "saisi" tu, basi.

Baada ya Uhuru walowezi wengi waliuza na kuondoka. Mashamba mengine yaligawanywa kwa walipa mikopo, mengine yakawa ya shirika la ADC, lililoanzishwa 1965, ambalo bado lina mashamba makubwa ya mbegu na ng'ombe huko Kitale. Farasi walipungua mpaka wakawa kitu cha Ngong siku ya mbio, cha polisi wa kuzuia wizi wa mifugo, na cha watoto kupigwa picha wikendi. Ujuzi wa kitekli ukabaki bila kitekli.

Ila haukupotea wote, kwa sababu kuna punda.

Kila kitu nilichoeleza kuhusu dang'a kinamhusu kiongwe pia. Kondo lilelile lisilopitisha kitu, saa zilezile, vidole vilevile. Tofauti ni kwamba punda hubeba mimba karibu mwaka mzima, kwa hivyo kila kiongwe anayekufa kwa kukosa dang'a ni mwaka umepotea. Na hatukuwa na miaka ya kupoteza. Kuanzia 2016 vichinjio vya punda vilifunguliwa Kenya, Naivasha, Mogotio, Machakos na Turkana, ngozi zikisafirishwa China kutengenezewa dawa iitwayo ejiao. Taasisi ya utafiti ya KALRO ilihesabu punda 301,977 waliochinjwa kati ya Aprili 2016 na Desemba 2018. Sensa ya 2009 ilikuwa imepata punda takriban milioni 1.8. Ile ya 2019 ikapata karibu milioni 1.2. Februari 2020 waziri Peter Munya akapiga marufuku biashara hiyo, wenye vichinjio wakaenda kortini, na Februari 2024 Umoja wa Afrika ukakubaliana kusitisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote kwa miaka 15.

Mjadala mzima ulikuwa wa ngozi, bei na wizi wa usiku. Mwenye mkokoteni, anayeamka kumwangalia punda wake akizaa kwa tochi ya simu, hakuitwa kwenye meza hiyo kama mtaalamu. Aliitwa, kama aliitwa, kama mlalamishi.

Kwa hivyo kama uko Kanduyi, Kimilili, Kiminini au Kitale, na kwenu kuna mzee aliyefanya kazi kwenye shamba la mzungu, au mama aliyewahi kukaa na punda mjamzito mpaka alfajiri, muulize. Usimuulize "historia", atakupa tarehe za Uhuru na kunyamaza. Muulize mnyama akikataa kunyonya walifanya nini. Muulize walisimama upande gani, mkono wa kulia ulikuwa wapi. Washa rekoda ya simu. Andika jina lake lote, la ukoo pia, na kijiji alichotoka.